Kutunga kipande cha filimbi pekee kwa mpulizaji mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watunzi wa Dar es Salaam wanaotaka kumwandikia mpulizaji fulani kipande kipya, bila piano, bila ngoma, bila chochote cha kumsindikiza. Filimbi tunayoizungumzia ni ile ya chuma yenye vifunguo, inayoshikwa kwa ubavu, ya okestra na bendi. Ya mwanzi ina mambo yake, nayo tumeigusa kidogo tu.

Kwa nini nimtungie mtu mmoja? Si bora niandike kitu ambacho yeyote atakipuliza?

Vipande kadhaa vya filimbi pekee vinavyopulizwa sana duniani leo viliandikwa kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Claude Debussy aliandika Syrinx mwaka 1913 kwa ajili ya Louis Fleury. Edgard Varèse aliandika Density 21.5 mwaka 1936 kwa Georges Barrère, aliyekuwa amepata filimbi ya platinamu, na namba iliyo kwenye jina ni uzito wa madini hayo kwa kila sentimita ya ujazo. Sequenza I ya Luciano Berio, ya 1958, ilikuwa ya Severino Gazzelloni. Hakuna aliyewazuia wengine kuvipuliza baadaye.

Faida ya kazi ni kwamba maswali yanapungua. Ukiandika kwa "yeyote" utajikuta unaogopa kila noti. Ukimjua mtu, unajua kwamba noti za chini za huyu ni nene, kwamba ulimi wake ni mwepesi lakini hapendi kukaa juu muda mrefu, na kipande kinaanza kujichagulia njia.

Nianze na nini kabla ya kuandika noti ya kwanza?

Kaa na mpulizaji saa mbili, yeye na filimbi yake mwenyewe. Si ya kuazima, kwa sababu filimbi hazifanani.

Kwanza itazame ala. Kipande cha mguu, yaani sehemu ya mwisho ya filimbi, kinaishia C au B? Filimbi nyingi za wanafunzi zinaishia C ya kati, na ukiandika B iliyo chini yake umeandika noti isiyokuwepo. Vifunguo vina matundu katikati au vimezibwa? Vyenye matundu vinaruhusu kuteleza kutoka noti hadi noti na kupata robo toni nyingi, yaani nusu ya nusu toni. Vilivyozibwa vinaruhusu chache, nyingine kwa mdomo tu. Ina kifaa cha kusaidia E ya juu? Kama haina, E ya oktava ya tatu itakuwa ngumu kutokea kwa upole, na utalijua hilo ukiwa bado una nafasi ya kuikwepa.

Kisha mwombe apande ngazi nzima, nusu toni kwa nusu toni, kutoka noti ya chini kabisa hadi ya juu anayoiamini. Mara ya kwanza kwa sauti ndogo, ya pili wastani, ya tatu kwa nguvu zote. Rekodi. Simu inafaa, ila iweke mita mbili hivi kutoka kwake na ukumbuke kwamba simu nyingi zinajirekebisha sauti zenyewe: zinapandisha kilicho kidogo na kushusha kilicho kikubwa. Ukiisikiliza nyumbani utadhani C ya chini ina nguvu sawa na C ya juu. Haina. Andika kwenye daftari ulichosikia chumbani.

Mwisho, mwache apige anachopiga akiwa anapasha moto, ukae kimya. Watu hupasha moto kwa vile wanavyovipenda, na hapo ndipo utasikia sauti yake halisi kuliko kwenye kipande alichokiandaa ili akupendeze.

Pumzi: sentensi moja ya muziki iwe ndefu kiasi gani?

Hili ndilo swali linaloharibu vipande vingi kuliko mengine yote. Filimbi haina kizuizi mdomoni kama zumari au klarineti. Pumzi nyingine inaingia tunduni na nyingine inapita hewani bure. Kwa hiyo inakula hewa.

Pima kwa saa. Mwambie ashike D ya chini kwa nguvu hadi pumzi iishe, kisha A ya oktava ya pili kwa upole. Kwa mtu mzima aliyefunzwa, ile ya kwanza huwa sekunde 6 hadi 10, ya pili 15 hadi 20 au zaidi. Chukua namba zake, punguza robo, kwa sababu jukwaani moyo unaenda mbio na pumzi inafupika. Kilichobaki ndicho kipimo chako. Kwa mapigo 60 kwa dakika na mapigo manne kwa baa, sekunde 8 ni baa mbili tu. Watunzi wanaofikiria kwa piano huandika baa nne za noti za chini zenye alama ya nguvu, halafu wanashangaa sentensi ikikatika katikati.

Tofautisha pia aina mbili za kuvuta pumzi. Ya haraka, chini ya nusu sekunde, inajaza kiasi tu. Ya kujaza mapafu inataka karibu sekunde nzima pamoja na kutulia. Mpulizaji anaweza kuishi kwa zile za haraka kwa mistari mitatu, minne. Baada ya hapo mpe kituo cha kweli, la sivyo hewa chafu inamjaa kifuani na anachoka ingawa hewa haijaisha. Andika kituo hicho ndani ya mapigo, kama kimya chenye urefu wake. Ukiweka koma tu juu ya mstari, ataiba muda kutoka noti iliyotangulia.

Njia moja inayofaa kwa mtunzi aliyekulia Kiswahili ni kuanza na umbo la shairi. Mshororo wa mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, una pumzi ndogo katikati na kubwa mwishoni, na beti ya mishororo minne inatoa kituo. Tunga rasimu ya kwanza kwa vipimo hivyo, kisha uvunje makusudi: unganisha utao na ukwapi unaofuata, kata mshororo kwenye mizani ya tano. Ukiacha kila pumzi mahali pake pa kawaida, dakika ya pili msikilizaji ataanza kuzihesabu.

Na usijifiche nyuma ya Bach. Ni kweli kwamba mwendo wa kwanza wa Partita yake ya A ndogo kwa filimbi pekee unatiririka karibu bila nafasi ya kupumua. Ndiyo sababu kila mpulizaji analazimika kujiamulia akate wapi, na ubishi huo haujaisha hadi leo.

Je, mpulizaji anaweza kuvuta hewa puani huku akipuliza?

Wachache wanaweza, kwa kuhifadhi hewa mashavuni. Kama wako anaweza, itumie mahali pamoja penye sababu. Kama hawezi, usimwombe ajifunze kwa ajili ya onyesho la miezi mitatu ijayo.

Sauti ya filimbi ikoje chini, katikati na juu?

Kutoka C ya kati hadi F hivi, sauti ni nzito, ya joto, lakini ndogo. Alama za nguvu hapo ni matakwa tu; msikilizaji wa safu ya mwisho atasikia wastani. Noti hizi pia zinachelewa kidogo kutokea, kwa hiyo ulimi wa haraka sana chini unatoa kishindo cha hewa kuliko noti.

Oktava ya pili ndiyo nyumbani kwa filimbi. Inakubali karibu kila kitu. Angalizo ni C shapu iliyo mwanzoni mwake: vidole karibu vyote viko juu, noti inakuwa nyembamba na inapenda kupanda. Usiifanye kuwa noti ndefu ya kumalizia, isipokuwa unautaka wembamba huo.

Oktava ya tatu ni kinyume cha ya kwanza. Kuanzia E kwenda juu ni rahisi kupiga kwa nguvu na vigumu kupiga kwa upole. Ukiandika A ya juu ianze kimyakimya kutoka mahali patupu, umeandika kamari. Ifikie kwa ngazi, au mruhusu aanze na nguvu kidogo kisha apunguze.

Ni wapi vidole vinakwama?

Kidole kidogo cha mkono wa kulia. Kinashughulikia E flati, C shapu na C za chini, na kwenda kutoka E flati hadi C kwa kuunganisha kunamlazimu akitelezeshe kwenye vifunguo. Kwa mwendo wa taratibu sawa. Kwa noti za haraka zinazorudiwa, hapana.

Mpaka wa oktava ya kwanza na ya pili ni tatizo la pili: kati ya C au C shapu na D, vidole vingi vinabadilika kwa pamoja. Karibu filimbi zote zina vifunguo vya pembeni vya kutetemesha C na D, yaani kuzipishanisha haraka, kwa hiyo tetemesho hapo linawezekana, lakini mfuatano wa haraka wa melodi unaovuka mpaka huo mara nane kwa baa utasikika kama kikwazo.

Ulimi mmoja unafika kwenye noti nne kwa pigo, mapigo 110 hadi 120 kwa dakika. Zaidi ya hapo anatumia ulimi wa mara mbili, tu-ku, na hilo linataka noti zinazorudiwa au mwendo wa jirani, si mirukoruko ya oktava.

Nitumie sauti zipi zisizo za kawaida?

Chache. Kila moja inataka nafasi yake na maelezo yake kwenye ukurasa wa mbele.

Kukoroma kwa ulimi, ile rrr, kunafanya kazi vizuri katikati na juu, chini kunavunjika. Muulize mpulizaji anatumia ulimi au koo, maana wapo ambao ulimi hauwaitiki. Kuimba huku unapuliza ni kuzuri sana kwa kipande cha pekee, kwa sababu ala moja inakuwa sauti mbili, ila andika kwa koo lake: ukimwandikia mwanamke sauti ya besi ataishusha au kuipandisha mwenyewe na hesabu yako itapotea. Kugonga vifunguo bila kupuliza kunasikika mita chache tu, na kugonga kwa nguvu mara nyingi kunavuruga mpangilio wa pedi, vile vifuniko laini vilivyo chini ya vifunguo, kwa hiyo usiandike kurasa mbili za ngoma ya vidole. Kuziba tundu kwa ulimi ghafla kunatoa kishindo kilicho chini ya noti iliyoshikwa kwa nusu toni 11. Andika noti ya kidole na noti itakayosikika, zote mbili. Mluzi mwembamba wa mdomo uliolegea hausikiki penye feni.

Sauti mbili kwa pumzi moja zinategemea vidole maalumu. Usinakili jedwali na kuliamini: jaribu kila moja kwenye filimbi yake, baki na tatu au nne zinazotokea mara tisa kwa kumi, na chora vidole juu ya noti.

Ala moja itashikaje masikio ya watu dakika saba?

Kwa kawaida haitashika, ukiandika melodi moja nzuri na kuirefusha. Inayoshika ni mistari miwili iliyofichwa ndani ya mmoja: noti za chini zinakwenda kwa mwendo wake, za juu zinajibu, na sikio linaziunganisha lenyewe. Weka angalau nusu oktava kati ya mistari hiyo, na uirudie noti ya chini mara kwa mara ili isisahaulike.

Kimya nacho ni sehemu ya utunzi. Baada ya sehemu yenye nguvu, sekunde tatu za kimya ni nyingi na zinatosha. Kwa kipande cha kwanza, dakika 5 hadi 7. Dakika 12 bila msaidizi zinachosha midomo kabla hazijachosha wasikilizaji.

Naweza kuingiza taarabu au midundo ya ngoma?

Bila shaka, lakini ingia na kitu mahususi. "Ladha ya Kiafrika" haipigiki. Ukitaka maqamu ya taarabu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, utakutana na daraja lililo kati ya noti ya kawaida na flati yake, kama lile la tatu kwenye maqamu ya Rast. Kwenye filimbi iliyozibwa atalipata kwa kugeuza mdomo au kwa vidole mbadala, na uthabiti wake utategemea kasi. Noti ndefu sawa, noti za mbio hapana. Nai, filimbi ya mwanzi ya muziki wa Kiarabu, hulipata kirahisi kwa sababu mdomo na matundu wazi vinasaidiana.

Midundo ya sita-nane inayopishana na ya tatu-nne inakaa vizuri kwenye mistari miwili iliyofichwa. Lakini bila ngoma hakuna anayeshikilia pigo la chini, hivyo msikilizaji anahitaji baa kadhaa za kulijua kabla hujalipindua. Mapambo ya melodi usiyaandike yote. Mwimbie, ajibu kwa filimbi, kisha andika alichofanya.

Joto la Dar linaathiri nini?

Sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya joto, takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Kutoka nyuzi 20 hadi 30, hesabu inatoa karibu senti 30, yaani theluthi ya nusu toni kwenda juu. Kwa kweli inakuwa pungufu, kwa sababu pumzi tayari imeipasha filimbi. Mpulizaji peke yake hana wa kugombana naye, lakini kama kipande kina mlio uliorekodiwa nyuma yake, onyesho la Februari kwenye ukumbi usio na kiyoyozi litawafarakanisha. Akivuta kichwa cha filimbi ili kushusha, noti hazishuki kwa usawa: zile za mirija mifupi, kama C shapu ya katikati, zinashuka zaidi.

Unyevu wa masika, Machi hadi Mei, unafanya pedi zinate. Utasikia mlio mdogo wa kubanduka kifunguo kinapoinuka, hasa G shapu. Mpulizaji anatumia karatasi ya sigara kunyonya maji. Wewe usianzishe G shapu kimyakimya baada ya kifunguo chake kukaa kimefungwa muda mrefu. Penye kiyoyozi kikali maji hujikusanya ndani ya bomba haraka, na noti inaanza kugugumia. Kituo cha sekunde nne katikati ya kipande kinampa nafasi ya kupuliza maji nje bila aibu.

Nifikirie ukumbi gani?

Ujue kabla ya kuandika, ikiwezekana. Kanisa kuu la Azania Front au la Mtakatifu Yosefu lina mwangwi unaobeba noti ndefu na kuchanganya za mbio. Uwanja wa wazi, kama Nafasi Art Space pale Mikocheni, hauna mwangwi wa kukusaidia na una upepo; upepo ukipita mdomoni unakata sauti kabisa, basi asimame akiupa mgongo.

Nenda ukumbini saa ileile ya onyesho, si mchana. Sikiliza feni, jenereta, bodaboda, na adhana ya isha, inayoangukia kati ya saa 1 na nusu na saa 2 usiku. Kama onyesho linaanza saa 1, dakika yako ya kimya inaweza kukutana nayo. Ongea na mwandaaji kuhusu mpangilio wa programu mapema.

Kama kuna maikrofoni, iwe juu kidogo ya usawa wa uso, sentimita 30 hivi, ikielekea katikati ya mdomo na mkono wa kushoto. Ikiwekwa mbele ya midomo itachukua upepo. Na kwa maikrofoni, kugonga vifunguo ambako tumekukataza hapo juu kunawezekana.

Kila nikimuuliza, ananijibu "hamna shida, mwalimu, nitafanyia mazoezi". Nitajuaje kama kweli hamna shida?

Hutajua kwa kuuliza hivyo. Kama wewe ni mkubwa kwake, au ulimfundisha kwaya, hatakwambia usoni kwamba baa ya 40 haipigiki. Uliza kwa njia inayompa ruhusa: "Ukipewa ubadilishe baa tatu, ungebadilisha zipi?" Au mpe matoleo mawili ya sehemu moja, ayapige yote, umtazame mabega. Mabega yakipanda, pumzi haitoshi. Akirudia sehemu moja mara tatu huku akicheka, vidole havikai.

Kama yeye ndiye mkubwa, shida ni ya upande wa pili: atabadilisha bila kukwambia. Mwombe kwa adabu aandike kwa penseli kila alichobadilisha, kisha amua kipi ukipitishe kwenye nakala safi.

Anasoma solfa tu. Inatosha?

Kwa melodi rahisi inatosha. Kwa oktava tatu, robo toni na sauti mbili, haitoshi. Andika kwa mistari mitano na mfanye pamoja kipande kidogo cha mazoezi kwanza.

Niandaeje karatasi?

MuseScore ni programu ya bure na inatosha. Usiamini inavyokupigia: kompyuta haipumui, na C yake ya chini ina nguvu kama ya tarumbeta. Chapisha kwa ukubwa ambao mtu anausoma akiwa amesimama, mistari minane au tisa kwa ukurasa wa A4. Mikono yote miwili iko kwenye filimbi, kwa hiyo hakuna wa kugeuza karatasi: kurasa tatu kwenye stendi mbili, au A3 iliyokunjwa, na pa kugeuzia pawe penye kimya. Vibanio vya nguo viwili kwa kila stendi, kwa sababu ya feni.

Itachukua muda gani?

Miezi mitatu hadi minne kwa dakika sita. Rasimu ya kwanza impate mpulizaji angalau wiki nane kabla ya onyesho, na mabadiliko ya noti yakome wiki mbili kabla. Baada ya hapo badilisha nguvu na kasi tu.

Malipo na haki zikoje?

Andikianeni, hata kama ni ndugu. Ukurasa mmoja unatosha: muda wa kipande, tarehe ya kukabidhi, kiasi, nusu mwanzoni na nusu ukikabidhi, nani anaruhusiwa kurekodi, na kama mpulizaji ana haki ya kukipiga peke yake kwa muda. Mwaka mmoja ni wa haki kwa wote wawili. Kuandika "kwa ajili ya fulani" juu ya kipande ni heshima, hakumpi hakimiliki, na ni vizuri mkataba uliseme hilo waziwazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi husajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na usajili ufanyike kabla video haijaanza kuzunguka.

Onyesho la kwanza limepita. Nikirekebishe?

Sikiliza rekodi baada ya wiki, ukiwa na karatasi ambayo mpulizaji ameichorachora. Alama zake za pumzi zilizobaki baada ya onyesho ndizo za kuchapishwa. Varèse mwenyewe aliirudia Density 21.5 mwaka 1946, miaka kumi baada ya kuiandika. Toleo jipya liandikwe tarehe juu, na la zamani ulikusanye mikononi mwa wote waliopewa, maana nakala mbili tofauti zikikutana kwenye stendi moja hakuna atakayejua ipi ni yako.